Wewe Pia Umetumwa

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mke wa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), aliyeishi na mumewe mjini Wuppertal, Ujerumani, kwa miaka minne.

SWALI: Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu ni mchungaji mwenye umri wa miaka 58, nami nina 55. Ameteuliwa kwenda kuhudumu katika usharika mmoja nchini Ujerumani kwa miaka mitatu. Watoto wetu wameshaanza maisha yao, ila tunaishi na mama mkwe ambaye ana miaka 84. Kila mtu ananiambia nimepata bahati, lakini hakuna anayenieleza siku hupitaje huko, wala mimi nitafanya nini tangu asubuhi hadi jioni. Naomba unieleze bila kunificha. — Mama Mchungaji, Lushoto.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na jina lake lisifiwe daima. Umeuliza swali ambalo mimi sikuliuliza, na kwa kutokuliuliza nilikaa miezi minane ya upweke ambayo ningeweza kuiepuka. Nilipanda ndege nikiwa nimejiandaa kumsindikiza mume wangu: nilifungasha kanga, dawa za presha, unga wa ulezi na Biblia, nikiamini kwamba kazi ni yake na mimi nitampikia. Tulipewa nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, safi na yenye joto. Kila asubuhi yeye alichukua mkoba wake akaenda ofisi ya usharika, nami nikabaki dirishani nikiwatazama watu wanaopishana bila kusalimiana. Nyumba ya mchungaji huku kwetu haikosi mtu. Yupo mwenye mgonjwa, yupo mwanakwaya aliyekuja kuazima sufuria, yupo mtoto wa jirani aliyenusa harufu ya chai. Kule kengele ya mlango ililia labda mara moja kwa wiki, na aliyebisha alikuwa mleta vifurushi. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini hivi, na siku nyingi huwezi kuliona kabisa kwa mawingu.

Jambo ambalo hakuna aliyenidokeza lilihusu ndoa yenyewe. Tulikuwa tumeoana miaka 31, lakini hatukuwahi kula chakula cha jioni sisi wawili tu kwa wiki nzima. Ghafla hapakuwa na mtu kati yetu, wala wa kutuchangamsha wala wa kutufanya tuzuie ulimi. Tukaanza kukosana kwa mambo madogo, hata kwa mapipa ya taka, kwa kuwa kule karatasi ina pipa lake, vifungashio pipa lake, mabaki ya chakula pipa lake, na chupa za kioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani na kutengwa kwa rangi, tena si siku ya Jumapili. Jioni moja, baada ya ugomvi wa namna hiyo, mume wangu aliweka kijiko chini akaniambia, "Mama Upendo, huku sina mwinjilisti wala mzee wa kanisa wa kunieleza nilipokosea. Nina wewe peke yako, na wewe huelewi ninachohubiri." Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa kweli. Wiki iliyofuata nilijiandikisha kwenye darasa la Kijerumani, nikiwa na miaka 57, nikakaa dawati moja na vijana wa Syria na Eritrea walioniita Mama kabla hata hatujajua kuhesabu hadi ishirini.

Tangu hapo siku zangu zilipata umbo. Asubuhi tulisoma pamoja neno la siku linalochapishwa na Wamoraviani wa Herrnhut, mji wa Ujerumani, kila mwaka tangu 1731, na kwa kuwa watoto wetu Dodoma na Moshi walisoma aya hiyohiyo, tuliweza kuizungumza kwenye simu jioni bila kutafuta maneno. Hapo kumbuka kwamba wakati wa baridi saa ya Ujerumani iko nyuma ya yetu kwa saa mbili, na wakati wa kiangazi kwa saa moja tu. Saa za mchana zilikuwa za kutembelea watu. Usharika wetu ulikuwa na desturi ya kumwendea kila muumini aliyetimiza miaka 80 na kuendelea siku yake ya kuzaliwa, na kazi hiyo mimi na mume wangu tuliifanya tukiwa wawili. Tulipanda treni ya Wuppertal inayoning'inia juu ya mto, ambayo imekuwa ikisafirisha watu tangu 1901, tukashuka, tukapiga kengele kwa saa ile ile tuliyoahidi. Usiende bila miadi. Kwetu hodi inatosha; kule mgeni asiyetarajiwa humtia mwenyeji hofu na aibu, kwa sababu hajaandaa keki. Kisha unakaa, unakunywa kahawa, unatazama picha za marehemu mume na za wajukuu walio mbali. Wengi wa wazee hao huishi peke yao, na nilikuja kuona kwamba mvi zetu zilitufungulia milango ambayo kijana mwenye bidii asingefunguliwa.

Nikueleze jambo moja kwa kirefu. Tulizika bibi mmoja mwezi wa Novemba, na waombolezaji walikuwa sita pamoja na sisi. Desturi yao ni kila mtu kutupa udongo kidogo kaburini, kusimama kimya, kisha kuondoka. Kaburi hufukiwa baadaye na wafanyakazi. Sisi hatukuweza kumwacha mtu na kaburi wazi. Mume wangu aliwaomba wafanyakazi wale waanze kufukia tukiwapo, nami nikaimba pambio kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, hadi udongo ulipojaa na mashada kuwekwa juu. Mvua ilikuwa ikinyesha na viatu vyangu vililowa hadi soksi. Wiki iliyofuata binti wa marehemu alikuja nyumbani kwetu, naye alikuwa wa kwanza kuja bila miadi, akauliza kwa nini tulibaki. Nilimjibu mimi, kwa Kijerumani changu kibovu, kwamba kwetu marehemu hasindikizwi nusu ya njia. Alilia sana. Siku ile nilijua kwamba nami nilikuwa nimetumwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza lugha leo. Kwa kawaida mwenzi wa ndoa hudaiwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, A1, kabla ya kupewa viza, na Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni cha Wajerumani kilichopo Dar es Salaam, hufundisha na kutahini. Usiishie kwenye cheti hicho, maana hakikufikishi mbali zaidi ya duka la mikate. Omba uandikiwe majukumu yako mwenyewe katika usharika utakaowapokea, hata kama ni siku mbili kwa wiki tu, na usikubali kuitwa msindikizaji.

Kuhusu mama mkwe, itisheni kikao cha ukoo kabla ya kukata tiketi, ajulikane nani atakaa naye, nani atampeleka hospitali, na nani ana namba zenu za simu. Hakikisheni mkataba unaeleza kwa maandishi nani atalipa bima ya afya, ambayo kule ni lazima, na nani atalipa nauli mkipata msiba. Mimi nilimzika mama yangu kwa simu, dada yangu akiwa ameishika juu ya umati, kwa kuwa jambo hilo hatukuliuliza mapema. Sipendi likupate. Nao ndugu waambieni ukweli kuhusu posho yenu, ili wasidhani mmekwenda kuvuna.

SWALI: Mama, makanisa yetu yana uhaba wa wachungaji. Je, ni haki kuwapeleka wazee wenye uzoefu kwa watu waliotuletea Injili wenyewe? — Mzee wa kanisa, Bukoba.

JIBU: Shikamoo, Mzee. Uhaba ni wa kweli, na dayosisi isiyo na mtu wa kushika nafasi isiharakishe kumtoa wake. Lakini kuhusu nani alimletea nani, wewe wa Bukoba unalijua kuliko mimi: wamisionari wa Betheli, shirika la misheni la Ujerumani, walipofika huko mwaka 1910 walikuta Wahaya waliokwisha kuipokea Injili kupitia Uganda. Na mwana wa Bukoba, Askofu Josiah Kibira, aliliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984. Umoja wa misheni wenye makao yake Wuppertal (United Evangelical Mission) nao tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, ambao wote hutuma na wote hupokea. Hata wamisionari Wajerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipofika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, walilazimika kukaa chini wafundishwe Kisambaa na wenyeji. Mimi nilipokaa kwenye lile darasa la Kijerumani niliwafikiria wao mara nyingi.