Eti magazeti ya enzi za Malkia Victoria yalikuwa upande wa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu yuko fomu tuu anasoma mapinduzi ya viwanda, kaniuliza magazeti ya Uingereza wakati wa Malkia Victoria yaliwaandikaje wafanyakazi, nikakwama. Nisaidie. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Yalikuwa mengi na hayakuwa kitu kimoja, ila mengi yalimpenda mfanyakazi akiwa analia. Punch, gazeti la vichekesho, Krismasi ya 1843 lilitoa shairi la mwanamke anayeshona mashati usiku kucha na njaa yake, watu wakahuzunika kweli. Sasa ngoja huyo huyo asimame getini adai haki yake uone!

Chukua wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, pale Bow, mashariki mwa London. Juni 1888 Annie Besant, mwandishi na mtetezi wa wafanyakazi, aliwaandika kwenye kigazeti kidogo cha The Link, cha nusu peni, na hakuishia kuwaonea huruma, yeye aliweka hesabu mezani: binti wa miaka 16 analipwa shilingi 4 kwa wiki, akikutwa na miguu michafu anakatwa peni 3, na wenye hisa mwaka uliopita wamegawana faida ya asilimia 23. Kuna mmoja alikuwa anaokoa vidole vyake visikatwe na mashine, kazi ikajisokota kwenye mashine, wakamkata shilingi nzima na kumwambia aangalie mashine, vidole achana navyo. Mimi hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Kampuni ikawataka wasaini karatasi kwamba ile habari ni uongo, wakagoma kusaini, mmoja akafukuzwa na Julai wakatoka wote, kama 1,400 hivi. Gazeti kubwa la The Times likasema wamechochewa na watu wa nje, utadhani hawa mabinti hawana akili ya kujua wanaumia wapi, wakati Besant mwenyewe alikuwa hajawaambia wagome!

Mwambie mdogo wako amtafute na Henry Mayhew, mwandishi wa gazeti la Morning Chronicle, tangu 1849 huyo alikuwa anakaa na watu wa kazi na kuandika maneno yao wenyewe.

Ule mgomo wiki kama mbili tu kampuni ikakubali, faini zikafutwa na wakaahidiwa chumba cha kulia, maana walikuwa wanakula palepale kwenye kazi, mkate pembeni ya fosforasi nyeupe, kemikali ya viberiti inayoozesha taya.