Jibu: Mapambo ya utepe yanayodumu Idi hadi Idi

Dada, umeuliza utepe gani hautafumuka ukitumika Idi hii na ijayo. Chukua satini ya poliesta. Kata vipande vya sentimita 40, kunja kila kimoja katikati, kizungushe kwenye kamba ya katani, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya kitanzi na ukaze. Gundi usitie kabisa! Fundo hulegezwa, ukabadili rangi kwa harusi au maulidi.

Ncha ndizo huharibu kazi. Zisogeze karibu na mwali wa mshumaa kwa sekunde moja tu, zisiguse. Poliesta huyeyuka kidogo na nyuzi hushikana. Utepe wa pamba utaungua, usijaribu. Watoto wakae mbali.

Sikukuu ikiisha, viringisha pambo kwenye kipande cha boksi badala ya kulikunja.