Chaji rasmi? Muhuri wake uko wapi?

Msomaji wa Likoni ananiandikia: "Shikamoo maalim. Jioni huwasomesha wadogo zangu wawili kemia, na huwaeleza kwa Kiswahili. Tumefika kwenye michoro ya Lewis, ile ya vitone vya elektroni. Kitabu chao kina jambo linaloitwa 'formal charge', nami nimekuwa nikiliita chaji rasmi. Je, ni sawa?"

Marahaba, mwanangu. Si sawa, na umeniuliza neno lililonikaa kooni miaka mingi.

Rasmi kwa Mswahili ni jambo lililopitishwa na mwenye mamlaka. Barua rasmi ina nembo na muhuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa kuwa Katiba ya 2010 imetamka hivyo. Hapo neno limetua. Lakini wafasiri wetu wakikutana na lile neno la Kiingereza, formal, popote pale, hukimbilia rasmi bila kuuliza limekusudia nini. Ndipo tukaletewa "mavazi rasmi", yaani suti na tai. Basi mzee wa Mji wa Kale aliyekwenda kuposa kwa kanzu na kofia amevaa nini? Ndipo ikaja "sekta isiyo rasmi". Mama wa mahamri na mbaazi analipa ushuru wa kaunti na risiti anazo, halafu aambiwe kazi yake si rasmi! Neno "jua kali" tunalo, na kila mtu analielewa.

Sasa neno hilo limepenyezwa hadi ndani ya atomu, na huko linadhuru zaidi.

Chukua ioni, yaani kundi la atomu lenye chaji, ya amoniamu, hii iliyomo kwenye mbolea ya wakulima. Nitrojeni iko katikati, hidrojeni 4 zimeizunguka, kila moja imeshikwa kwa kifungo cha elektroni 2. Nitrojeni ikiwa peke yake ina elektroni 5 za nje. Kwenye mchoro haina jozi isiyofungwa; ina vifungo 4 vyenye elektroni 8, nasi twaihesabia nusu, yaani 4. Tano toa nne, +1; hiyo ndiyo formal charge yake. Hidrojeni nazo kila moja ilikuja na 1, imehesabiwa 1, sifuri. Jumla ni +1, sawasawa na chaji ya ioni nzima.

Mtoto aliyeambiwa hiyo ni chaji rasmi ataelewa nini? Ataelewa imepimwa ikathibitishwa, kwamba nitrojeni ndiyo iliyopungukiwa na elektroni. Mambo yako kinyume! Nitrojeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni: kwenye kipimo cha Pauling, kinachopima nguvu hiyo ya kuvuta, ina 3.04, hidrojeni ina 2.20. Elektroni zile 8 zimeegemea kwake, na chaji chanya yenyewe imeelemea hidrojeni zilizoko nje. Ile +1 imetokana na sharti moja tulilojiwekea tukishika kalamu: kila kifungo kigawanywe nusu kwa nusu, anayevuta na asiyevuta wapate sawa. Ni hesabu ya kwenye karatasi. Ukiibandika rasmi umeigeuza hukumu, na mtoto akipotea kwa lugha yake mwenyewe atasema Kiswahili hakiwezi sayansi. Hilo ndilo linaloniuma.

Najua wako watakaolitetea kwa asili yake: Kiarabu rasm ni mchoro, na rasimu ni ndugu yake, basi chaji rasmi si chaji ya mchoro? Asili ni kweli. Lakini simama sokoni Kongowea utamke rasmi, uone kama kuna atakayefikiria mchoro. Neno husemea maana iliyomo vinywani mwa watu leo.

Chaji liache lilivyo. Simu zetu zimekwisha lizoesha, na sina nguvu ya kupigana nalo.

Waambie wadogo zako chaji ya hesabu. Utaona linavyofaa mkifika kwenye dioksidi ya kaboni. Ukiichora kwa vifungo viwili kila upande, atomu zote hupata sifuri. Ukiweka vitatu huku na kimoja kule, oksijeni moja inapata +1 na nyingine -1. Mchoro wa kwanza, ulio sifuri kote, ndio wa kuchagua, na mtoto ataona kwamba amelinganisha hesabu mbili, hajapinga amri ya mtu. Daftarini waandike hivi: "Kwenye amoniamu, chaji ya hesabu ya nitrojeni ni +1."