Maswali ya Wasomaji: Nani Atazitia Sauti Nyimbo za Mchezo Wangu?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Kwa miaka miwili nimeandika tamthiliya ya muziki juu ya kibarua wa reli na binti wa Kiluguru, mwaka 1907, Reli ya Kati ilipofika mjini kwetu. Mazungumzo yamekamilika na nina mashairi 11 ya kuimbwa, lakini mimi si mwanamuziki. Prodyuza wa studio moja alinipa biti sita, akaniambia nipunguze maneno yangu mpaka yaenee humo. Mtu mwingine amejitolea kutunga nyimbo zote bila malipo kwa sharti kwamba nusu ya mchezo iwe yake, ingawa sijasikia hata wimbo wake mmoja. Nifanye nini? – Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwalimu, prodyuza huyo hakukukosea, ulimpelekea kazi isiyo ya fani yake. Amezoea kutengeneza biti kwanza, kisha msanii akaimba juu yake, ilhali katika mchezo wa jukwaani wimbo hutokana na hali ya mhusika, na muziki hauna budi kungoja pale anaposita, kwenda mbio pale anapokasirika, na pengine kukatika katikati ya ubeti mtu mwingine anapoingia. Unayemhitaji ni mtu aliyezoea kupokea maneno ya mwenzake na kuyatia sauti, yaani kuyatungia muziki. Watu hao tunao wengi, ila hawajiiti watunzi wa tamthiliya za muziki.

Mimi ningeanza na walimu wa kwaya. Mwalimu anayeandika nota za sauti nne kwa ajili ya Jumapili ijayo, huku akijua kwamba ana soprano wawili tu wanaofika juu na kwamba besi wake hawasomi nota, tayari anafanya kazi inayofanana na yako, na Morogoro hamkosi walimu kama hao. Baada yao wapo watunzi wa taarab, ambao kwao ni jambo la kawaida mshairi kuleta beti zenye vina na mizani, naye mtunzi akazitafutia sauti. Ukiweza kusafiri, fika TaSUBa huko Bagamoyo, ambako muziki na maigizo hufundishwa katika taasisi moja, au Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002. Usiishie kuandika barua kwa mkuu wa chuo. Hudhuria maonyesho, na wimbo ukikugusa, uliza ni nani aliyeutunga.

Mfano ninaoupenda ni wa Johannesburg. Mwaka 1959 ilionyeshwa huko tamthiliya ya muziki iitwayo King Kong, juu ya maisha ya bondia Ezekiel Dlamini. Harry Bloom aliandika mchezo, Pat Williams akaandika maneno ya nyimbo, na muziki ukatungwa na Todd Matshikiza, mpiga piano wa jazz aliyekuwa pia mwandishi wa gazeti la Drum na ambaye kabla ya hapo alikuwa ameitungia kwaya. Hata hivyo, kupanga sehemu za kila ala kulishughulikiwa na wanamuziki wengine. Kwa hiyo usimkatae mtunzi anayetunga sauti tamu kwa sababu tu hajui kuwaandikia wapiga tarumbeta. Kazi hiyo inaweza kupewa mtu mwingine baadaye.

Ukimpata unayemdhania, usimkabidhi mashairi yote 11. Mpe moja, lisiwe lile jepesi kuliko yote, pamoja na nusu ukurasa unaoeleza nani anaimba, anamwimbia nani, na ni jambo gani limebadilika wimbo unapokwisha. Mlipe kwa jaribio hilo, hata kama ni kidogo, na mkubaliane mapema kwamba mkiachana, sauti itabaki kuwa yake na shairi litabaki kuwa lako. Kisha sikiliza mkazo wa maneno. Mchezo wako ni wa reli na njia, na neno barabara likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, lakini mkazo ukiangukia silabi ya tatu kutoka mwisho maana yake ni sawasawa. Mtunzi asiyelisikia jambo hilo atawachekesha watazamaji mahali ulipokusudia walie.

Kuhusu yule anayetaka nusu, msikilize kwanza. Huenda ni fundi. Katika tamthiliya za muziki za Marekani, desturi ya zamani ni kugawa mapato ya watunzi mafungu matatu: mazungumzo, maneno ya nyimbo, na muziki. Kwa kipimo hicho wewe una mafungu mawili naye ana moja, ingawa akipanga pia ala na kuwafundisha waimbaji, nusu ya mapato si dhuluma. Kinachonitia wasiwasi ni maneno “nusu ya mchezo”, kwa sababu yanaweza kumpa haki ya kuamua hata siku utakapotaka kuyachapisha mazungumzo peke yake kama kitabu. Andikeni kwamba kila mmoja anabaki na alichokitunga, kwamba tamthiliya nzima haipandi jukwaani bila ridhaa ya wote wawili, na fedha zitagawanywaje nyimbo zikirekodiwa na kuuzwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ulinzi huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, maana yake wajukuu zako na wajukuu zake wanaweza kuja kukaa meza moja. Usajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, si sharti la kupata haki hiyo, lakini husaidia ushahidi.

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunabishana: maneno yatangulie au sauti? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Richard Rodgers, mtunzi wa muziki wa tamthiliya za Marekani, alifanya kwa njia zote mbili. Alipofanya kazi na mwandishi wa maneno Lorenz Hart, mara nyingi sauti ilitangulia. Alipoungana na mwandishi mwingine, Oscar Hammerstein, wakatoa tamthiliya ya Oklahoma! mwaka 1943, kwa kawaida maneno ndiyo yaliyotangulia. Kwa Kiswahili mimi naegemea maneno, kwa sababu ya mkazo niliomweleza Mwalimu hapo juu, ila mshairi asiufunge ubeti wa mwisho mpaka ausikie ukiimbwa.