Kuli wa Mwaloni hahitaji mchakamchaka

Pita Capri Point hapa Mwanza alfajiri utawakuta watu wanapiga mchakamchaka, raba safi miguuni, magari wameyaegesha pembeni. Muda huohuo soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, makuli wanashusha magunia ya dagaa. Wote wanatoka jasho, ila anayekimbia anaacha akichoka. Kuli anaacha mzigo ukiisha.

Mimi ni fundi cherehani Makoroboi, mume wangu ni kuli. Presha zilipotupanda tulikwenda kliniki pamoja, tukapewa ushauri mmoja: fanyeni mazoezi. Mtu aliyebeba magunia tangu usiku akakimbie tena wapi? Kazi nzito isiyo na pumziko inaufanya moyo udunde kwa kasi saa nyingi mfululizo, haupati nafasi ya kutulia. Yeye alihitaji usingizi, maji ya kunywa, na kugawana mzigo na mwenzake. Jumapili sasa habebi kitu, hata nikimwomba ndoo. (Hapo tuligombana kidogo.)

Anayekaa ni mimi. Cherehani yangu ni ya umeme, hata miguu haikanyagi. Na wa aina yangu ni wengi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango cha kutosha cha kushughulisha mwili, wanawake asilimia 34 na wanaume asilimia 29. Sioni uvivu hapo. Mwanamke akitoka kazini anaanza zamu ya pili jikoni, na giza likiingia njia za milimani kwetu Mabatini si za kupita peke yako.

Kwa hiyo dada yangu, usingoje raba wala ada ya jimu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Mwongozo wake wa 2020 uliondoa sharti la dakika 10 mfululizo, kwa hiyo vipande vidogovidogo vinahesabika. Jioni naiacha daladala, natembea hadi nyumbani na jirani yangu anayeuza mitumba, nauli inabaki. Tunafunga kazi jua lingalipo, hata kama mteja ananuna. Kile kilima cha mawe cha mwisho kinatosha kabisa kututoa pumzi. Misuli nayo inataka kazi angalau siku mbili kwa wiki: nainuka na kukaa kwenye stuli bila kushika meza, mpaka mapaja yawake moto.

Dawa ya presha usiache kwa sababu umeanza kutembea, hilo ni la daktari kuamua. Na ukihudhuria mkutano wa mtaa, ulizia taa za njiani kabla hawajafika kwenye mengineyo.