Boti Ndogo Yenye Chumba: Nichukue Ipi?

Barua nyingi safari hii zinazunguka jambo moja. Mtu ameweka fedha, ameonyeshwa boti mbili tatu za faiba zenye chumba, za futi 20 hadi 26, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatamfaa na mwingine.

Shikamoo fundi. Nimeona boti mbili, zote futi 23. Moja ina chumba cha kulala omoni, yaani mbele, na mashine ya kupachika nyuma, fo-stroki ya hospawa (nguvu za farasi) 115. Nyingine imetoka Japani, ina kibanda cha nahodha kilichosimama na injini ya dizeli ndani. Nataka ya kwenda kisiwa cha Mbudya na familia Jumapili, na mara mojamoja Unguja. (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba. Kabla hatujafika kwenye chumba, niambie boti italala wapi na itatia nanga wapi. Pwani yetu maji ya bamvua, yale ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hupanda na kushuka karibu mita nne, na siku hizo hukauka katikati ya asubuhi. Ukifika Mbudya saa moja unusu, ukasogea karibu na ufuko ili watoto washuke bila kulowa, basi saa nne boti imekaa mchangani. Ile ya mashine ya kupachika utakuwa umeshainyanyua mashine, unasubiri maji yarudi. Ile ya Japani ina shafti, propela na usukani chini ya tumbo, na hakuna kati ya hivyo kinachonyanyuka. Italala ubavu, uzito wote juu ya shafti, na ikipinda utaijua kwa mtetemo utakaokufuata mpaka siku utakayoiuza.

Dizeli ina sifa zake, sizikatai. Inakunywa kidogo, haina mvuke wa petroli unaojikusanya chini ya sakafu, na kile kibanda ni rehema mvua ya masika inapopiga. Chumba cha omoni nacho, mchana wa Februari, ni tanuri. Wengi wanaishia kuhifadhi humo mabegi na laifu jaketi. Kama una boya lako kwenye maji ya kina na safari zako nyingi ni za Unguja, chukua ya Japani. Kwa Mbudya na ufuko, chukua ya 115, na fedha iliyobaki weka turubai zuri la kivuli.

Muuzaji ananiambia tumbo la V kali ndilo bora kwa bahari yoyote. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Nusu yake kweli. V kali hupasua wimbi badala ya kulipiga, na mgongo wako utaishukuru mkirudi dhidi ya kusi la Julai. Lakini ukisimama kuvua inayumba kama mlevi, na inataka mashine kubwa zaidi ili inyanyuke juu ya maji. Tumbo lililolala zaidi hukaa tulivu na hunyanyuka upesi, ila likikutana na wimbi fupi linakugonga mpaka meno.

Wengi hutazama omo, na omoni kila boti ni kali. Nenda tezini, nyuma ya boti. Weka simu yenye programu ya kupimia pembe chini ya tumbo, karibu na mashine. Digrii 20 hadi 24 ndiyo V kali yenyewe. Digrii 14 hadi 18 ni ya katikati, na kwa mtu wa mkondo wa Unguja, ambako maji si ya kina kirefu na wimbi ni fupi, hiyo ya katikati inatosha ukipunguza mwendo kwa adabu. Wewe wa Tanga, kama unavuka kwenda Pemba, hadithi ni nyingine. Mkondo ule una kina kikubwa na wimbi la bahari kuu linaingia, kwa hiyo mimi ningeegemea kwenye 20.

Na usikubali kujaribishiwa boti saa mbili asubuhi bahari imelala. Mwambie muuzaji mtoke alasiri, upepo umeshaamka. Piga mwendo dhidi ya wimbi, kisha zima na uache boti igeukie ubavu kwa dakika kumi. Boti mbili za urefu mmoja hapo ndipo zinapoachana.

Fo-stroki ya 115 inakunywa kiasi gani? Kila mtu ana jibu lake. (Msomaji, Bagamoyo)

Kwa sababu kila mtu ana mkono wake kwenye gesi. Mashine ya petroli ya fo-stroki ikibanwa mpaka mwisho hula takriban lita moja kwa saa kwa kila hospawa mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo 115 ni kama lita 40. Ukiirudisha kwenye mwendo wa safari inashuka mpaka 25 hivi. Dar hadi Unguja ni kama maili 40 za baharini, na kwa mwendo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, ni saa mbili. Lita 50 kwenda, 50 kurudi, na 50 nyingine za akiba usizozigusa. Kama tangi la boti unayoitaka ni la lita 90, tayari umeshajua kitu ambacho tangazo halikusema. Tu-stroki ya kabureta yenye nguvu ileile itakula zaidi ya hapo, juu yake weka oili.

Mke wangu anasema bila choo haingii botini. Boti ya futi 22 yenye choo ipo? (Msomaji, Mtwapa)

Ipo, na mama ana haki yake. Lakini kwa futi 22 choo cha kujengewa kinakula nusu ya chumba, kina pampu na mabomba, na vyote huziba. Nunua kile cha kubeba, chenye tangi lake chini, na pazia. Tofauti ya bei mpelekee mama.

Ni boti iliyotumika. Nikague nini kabla ya kumleta fundi? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Anza na ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Nje ni faiba, lakini ndani ya boti nyingi kuna plaiwudi, na maji yakipenya kwenye tundu la skrubu moja tu, plaiwudi huoza huku nje panang'aa. Nalijua hili kwa fedha yangu mwenyewe. Niliwahi kununua boti iliyopakwa rangi mpya, nyeupe kama jino la mtoto, nikalipa siku hiyohiyo. Wiki ya tatu nikalegeza boliti moja ya mashine ili nibadilishe ringi yake (washa). Yakatoka maji ya kahawia, kama chai ya rangi, yakatiririka mpaka mchangani na harufu ya kuni mbichi. Ukuta mzima ulikatwa, ukajengwa upya. Aliyeniuzia alishahama mtaa.

Siku hizi nakwenda na nyundo ndogo yenye mpini wa plastiki. Unagonga kwa mpini, sentimita kumi kwa sentimita kumi. Pazima pana sauti kavu, kali. Palipooza panajibu "dup", kama kugonga papai. Kisha nyanyua mashine nusu, shika mkia wake, ning'inia kwa uzito wako huku mwenzako anatazama ule ukuta. Ukicheza hata kidogo, rudi nyumbani.

Kwenye mashine, toa plagi, pima kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda. Namba yenyewe si hoja sana kama kulingana kwake, na zikipishana zaidi ya asilimia 10 kuna jambo. Fungua skrubu ya chini ya gia. Oili ikitoka ya maziwa, maji yameingia. Mwisho kabisa ingia chumbani, nyanyua godoro, unuse. Pua haidanganywi na rangi mpya.

Karatasi pia: huku Tanzania Bara boti ndogo ziko chini ya wasimamizi wa usafiri wa majini, TASAC; Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA. Namba iliyochongwa kwenye faiba nyuma upande wa kulia ilingane na ya kwenye cheti. Hailingani, hununui.

Ndugu yangu Uingereza amepata boti yenye kibati kimeandikwa C. Ni daraja la chini? (Msomaji, Unguja)

Si daraja la ubora. Boti za kuuzwa Ulaya hupewa herufi A hadi D kulingana na bahari zilizokusudiwa. C ni upepo hadi nguvu ya 6 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort na wimbi la mita 2, yaani karibu na pwani. B hufika nguvu ya 8 na mita 4. Soma pia idadi ya watu hapohapo. Boti moja inaweza kuandikwa watu wanne kwa B na sita kwa C. C inakutosha Nungwi hadi Mnemba siku njema. Ndugu yako akutumie picha ya kibati chenyewe, si ya boti ikiwa imepigwa jua la machweo.

Watoto wetu hulala chumbani tukirudi. Juzi wote wawili waliamka na kichwa kinauma na kichefuchefu. Ni bahari tu? (Mama, Kilifi)

Huenda ni bahari, lakini mama, hili usilisubirie safari nyingine. Boti yenye chumba ikienda mbele, upepo unaopita juu ya paa huacha pengo nyuma yake, na pengo hilo huuvuta moshi wa mashine urudi ndani. Ndani ya moshi kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Hatari huzidi mkienda polepole, upepo uko nyuma, na mlango wa nyuma wazi huku dirisha la mbele limefungwa. Fungua la mbele ili hewa ipite, na ufunge kengele ya kaboni monoksidi humo chumbani. Mpaka uwe nayo, watoto walale nje, kifuani kwako.