MWALIMU, NAULIZA: Mama wa Kisimani, Supu ya Sato na Mbuzi wa Mbinga

Tumsifu Yesu Kristo wasomaji wangu. Kwaresima ikifika meseji zinajaa mpaka simu inaganda, na mwaka huu zimekuja nyingi zaidi. Nimechagua chache, zingine zinajirudia. Kumbukeni mi sio padri, ni katekista mstaafu tu, kwa hiyo ishu za ndoa na kitubio pelekeni kwa paroko, msizilete kwangu afu mseme Mwalimu karuhusu.

"Mwalimu, Jumamosi tarehe 7 Machi kwenye jumuiya tuliandaa Injili ya dominika ya tatu, ya mwanamke Msamaria aliyekutana na Yesu kisimani. Kila anayesimama anasema huyu mama alikuwa malaya, wababa wanacheka, wengine wanatuangalia sisi tusio na waume. Nikauliza imeandikwa wapi, nikajibiwa si waume watano hao? Nikanyamaza ila sijaridhika. Imeandikwa wapi?" (Mama wa jumuiya, Kilosa)

Haijaandikwa mama. Chukua Yohane sura ya 4, soma mstari wa 5 mpaka wa 42 taratibu, neno malaya halipo, dhambi haitajwi, na Yesu hamwambii "nenda usitende tena" kama alivyomwambia yule aliyefumaniwa kwenye uzinzi wa sura ya 8. Anachosema ni kwamba umekuwa na waume watano na uliye naye sasa si mume wako, basi, afu anasema "umesema kweli".

Sasa nikwambie ukweli, na mimi nilikuwa nafundisha hivo hivo miaka mingi, malaya malaya, mpaka siku moja bibi mmoja kwenye kigango chetu akanyoosha mkono akasema Mwalimu, mi nimezika waume watatu, na mimi umeniweka kundi gani? Nilikosa pa kuangalia. Nikarudi nyumbani nikafungua kitabu upya.

Enzi zile anayeandika hati ya talaka ni mwanaume, ipo Kumbukumbu la Torati 24, na Wasamaria nao wanaifuata Torati hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanamke mwenye waume watano ni mtu aliyefiwa au aliyeachwa au vyote viwili, mara tano. Halafu kulikuwa na kurithiwa na ndugu wa marehemu, si mnakumbuka Masadukayo walivyomletea Yesu stori ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine? Hakuna aliyemwita yule malaya. Wengine wanasoma hao watano kama picha ya yale mataifa matano yaliyoletwa kukaa Samaria, yapo 2 Wafalme 17:24, hiyo nayo ni njia ya kusoma ingawa mi binafsi naona inatuondolea yule mama mwenyewe tunabaki na fumbo.

Wanasema pia alienda saa sita kwa sababu wenzake walimtenga. Labda. Yohane hasemi. Anachosema ni kwamba Yesu alikuwa amechoka na safari, kakaa kisimani, yapata saa sita. Hapo sisi wa Kiswahili tuna bahati, maana Mzungu akisoma saa sita mpaka aelezewe kwamba ni mchana, sisi tunajua tu jua liko utosini, wale watu walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza, na ndio maana Ijumaa Kuu tunasoma saa tisa na tuko kanisani saa tisa. Kwangu mimi hiyo saa sita inaongea na sura iliyotangulia: Nikodemo, mwalimu mkubwa, mwanaume mwenye heshima zake, alikuja usiku. Huyu mama kaja mchana kweupe, kauliza maswali, kabishana kuhusu mlima upi wa kusali, mlima Gerizimu au Yerusalemu, na Yesu kamjibu kila kitu. Hakuna mtu mwingine kwenye Injili aliyepiga stori ndefu hivo na Yesu. (Huo ubishi wa mlima haujafa, Wasamaria bado wapo, hawafiki hata elfu moja, na Pasaka yao wanaifanyia hapo hapo Gerizimu.)

Mstari wa 28 akaacha mtungi wake. Nyie mliopanga foleni bombani mnajua, nani anaacha ndoo bombani? Akaenda mjini kuita watu, na watu wakatoka, wengi wakaamini kwa neno lake, wakamwomba Yesu akae kwao akakaa siku mbili. Sasa niambie, angekuwa ni yule mwanamke wanayemchora wababa wa jumuiya yenu, mji mzima ungeacha kazi mchana ule umfuate? Jumamosi ijayo waulize hilo. Kwa upole lakini, maana mwenyekiti naye anasoma gazeti hili.

"Samaki Ijumaa ni ruksa si ndio? Maana huku kwetu jirani kanisema nakula supu ya sato kila Ijumaa ya Kwaresima." (Mwana Mwanza)

Ruksa. Kinachokatazwa ni nyama, na kuku ni nyama, msianze. Kuacha nyama kunaanza ukishatimiza miaka 14, kufunga kwenyewe ni kuanzia 18 mpaka unapofikisha 59, na siku za lazima za kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, hayo yako kwenye Sheria za Kanisa, kanuni ya 1251 na ya 1252.

Ila ndugu yangu, we uko Mwanza. Kwa mtu wa Dodoma sato ni habari nyingine, kwako Ijumaa yenye supu ya sato na limao na pilipili hiyo ni sherehe. Sheria hujavunja. Jirani yako lakini ana ka-hoja.

"Mwalimu mi naishi Tanga, majirani zangu wote Waislamu. Mwaka huu mfungo wetu na wao umeanza wiki moja, wananicheka wanasema nyie mnafunga na chai mmekunywa? Niwajibu nini?" (Wa Chumbageni)

Cheka nao kwanza. Ni kweli 2025 tulipishana siku chache na mwaka huu 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, Ramadhani nayo ikaingia wiki hiyo hiyo, kwa hiyo lazima watu walinganishe. Waambie utaratibu wetu siku ya kufunga ni mlo mmoja kamili, na viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii ule mmoja, na hakuna aliyekukataza kuacha hata chai ukiweza. Zamani Kwaresima ilikuwa kali kuliko sasa, Papa Paulo VI ndiye aliyepanga upya mwaka 1966, akataka watu waongeze wenyewe sala na matendo ya huruma badala ya kutegemea sheria ya tumbo tu. Tatizo ni kwamba tumbo tumelilegezea na hayo mengine hatukuyaongeza, hapo majirani zako wametupata.

Na jioni wakikuita kufuturu, nenda. Ikiwa ni Ijumaa wape taarifa mapema kwamba hutakula nyama, kuna viazi, kuna tambi, kuna uji wa pilipili manga, hutakufa njaa Tanga.

"Injili ya Jumatano ya Majivu inasema ukifunga nawa uso watu wasijue, afu tunatoka na majivu kwenye paji tunapanda nayo daladala. Huo si ndio unafiki wenyewe?" (Kijana wa TYCS, wanafunzi Wakatoliki)

Swali hili kila mwaka linakuja na kila mwaka nalipenda. Mathayo 6 inataja vitu vitatu, sadaka, sala na kufunga, na kwa kila kimoja Yesu analaumu kitu kimoja tu, kufanya "ili waonekane na watu". Kanisa linakupaka majivu na dakika chache kabla ya hapo limekusomea onyo hilo, nadhani ni makusudi, kama mama anayekupa kisu huku anakwambia kinakata. Majivu yenyewe ni matawi ya mwaka jana yaliyochomwa, na si kila mahali yanapakwa kwenye paji, Italia wananyunyiziwa utosini na hakuna anayeyaona.

Ukitoka kazini nayo sawa, ukinawa sawa. Ukipiga picha ukaiweka stetasi na maneno "siku 40 za vita" hapo rudi kwenye Mathayo 6. (Na ukihesabu utapata 46 mpaka Jumamosi Kuu, toa dominika sita, ndio 40, msiniulize tena.)

"Mwaka jana dominika ya tatu sisi tulisoma mti usiozaa matunda, nilivyoenda kwa dada yangu parokia ya jirani Jumapili hiyo hiyo misa moja wakasoma huyu huyu Msamaria. Nani alikosea?" (Msomaji, Iringa)

Hakuna aliyekosea. Masomo ya dominika yanazunguka miaka mitatu, A, B na C, utaratibu huu ulianza Majilio ya 1969. Gawanya mwaka kwa tatu, ukigawanyika bila kubaki ni C, kwa hiyo 2025 ilikuwa C, ndio mkapata Luka 13 na yule mtunza shamba aliyeomba mti upewe mwaka mmoja na samadi. 2026 ni A. Lakini Injili za Mwaka A za dominika ya tatu, ya nne na ya tano zinaruhusiwa mwaka wowote, hasa penye wakatekumeni watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka, na dada yako nadhani alikuwa kwenye misa yao.

Na hapa ndipo watu wengi hatujaelewa Kwaresima, tunadhani zile Injili zimepangwa kutugombeza. Hizo tatu zilipangwa kwa ajili ya watu wanaoelekea kwenye ubatizo: mwenye kiu kisimani, kipofu anayenawa kwenye bwawa la Siloamu anaona, Lazaro anatolewa kaburini. Maji, mwanga, uzima. Soma ukiwa umekaa benchi moja na yule mzee wa miaka 60 anayejifunza ishara ya msalaba ndio utaelewa zinamwambia nini. Sasa kama kwa huyo mzee Msamaria tumemfanya kichekesho, tumempa nini? Mwaka huu Mkesha ni 4 Aprili usiku, nendeni, msisubiri misa ya asubuhi kwa sababu ya usingizi.

"Mwalimu mi sina swali, nina hasira. Mdogo wangu alimsumbua baba mpaka akapewa kipande chake cha shamba la kahawa, akauza, akaenda Dar, miaka sita hapokei simu hata mama alipolazwa. Mi ndio nilibaki, nimepalilia, nimechuma, nimelipa dawa. Desemba karudi kakonda na begi la mgongoni, baba akachinja mbuzi. Mbuzi wangu Mwalimu, nilimnunua kwa hela yangu. Jumamosi ile ya tarehe 7 nikaenda misa ya asubuhi nikasikia Injili ya mwana mpotevu, nikatoka kabla ya komunyo." (Kaka mkubwa, Mbinga)

Pole kaka. Injili hiyo inasomwa kila mwaka Jumamosi ya wiki ya pili, kwa hiyo itakukuta tena, bora tuizungumze.

Kwanza hasira yako ina hesabu. Angalia Luka 15:12, mdogo anaomba sehemu yake, na baba "akawagawia", wote wawili, na kwa Torati mzaliwa wa kwanza anachukua sehemu mbili. Maana yake kilichobaki pale nyumbani kilishakuwa cha kaka mkubwa, yule ndama aliyenona ukipiga hesabu ni wake, na baba anakiri mwenyewe: vyote nilivyo navyo ni vyako. Mahubiri mengi yanamfanya kaka mkubwa mtu mwenye wivu tu, huku kachinjiwa ndama wake na hata kuitwa hakuitwa, katoka shambani kasikia ngoma akauliza mtumishi kuna nini. Mi ningekasirika.

Ila angalia na anavyosema. "Huyu mwana wako", hasemi mdogo wangu. Na makahaba anawaleta yeye, kwenye simulizi hakuna aliyewataja, Kigiriki kinasema tu yule kijana aliishi maisha ya hovyo ya kutapanya. Ni kama wale wababa wa Kilosa, pengo la stori tunalijaza na kile tunachopenda kuamini. Baba anamrudishia neno moja tu: "huyu ndugu yako".

Kitu ambacho mimi kinanishika kila mwaka, huyo baba alitoka nje mara mbili. Watu wanakumbuka alivyomkimbilia mdogo, hawakumbuki kwamba aliacha wageni ndani, ngoma inapigwa, akatoka uani kumsihi mkubwa. Na mkubwa alimwambia yote usoni, miaka, utumwa, mwana-mbuzi ambaye hajawahi kupewa, na baba hakumfokea hata neno.

We mzee wako umemwambia? Kwamba yule mbuzi alikuwa wako, kwamba dawa za mama ulilipa peke yako? Kwenye barua yako sijaona. Mwambie yeye, hata kwa hasira, usiniambie mimi tu.

Luka hasemi kama yule kaka aliingia ndani. Anaishia baba bado anaongea, uani. Na wewe umeniandikia kila kitu, miaka, shamba, begi la mgongoni, ila hujaandika kama ile nyama uliila au hukula. Niandikie.